Land Cruiser mpya: Nguvu zaidi milimani, mashaka katika gereji za Voi

HATUA ya kampuni ya Toyota ya kuifanyia mabadiliko makubwa pikapu yake ya Land Cruiser 79 inaibua maswali mazito katika Kaunti ya Taita Taveta, ambako gari hilo ni tegemeo la askari wa wanyamapori, polisi, wenye ranchi na wachimbaji wa vito.

Mnamo Agosti 2023, kampuni hiyo ya Japani ilizindua toleo lenye sura mpya, taa za mviringo za LED na, la muhimu zaidi, injini ya dizeli ya lita 2.8 yenye silinda nne. Injini hiyo husaidiwa na tabo na imeunganishwa na giaboksi otomatiki ya gia sita.

Hayo ni mageuzi makubwa kwa gari ambalo sifa yake kuu imekuwa kutobadilika. Injini ya lita 4.2 yenye silinda sita, inayojulikana na mafundi kama 1HZ, ilianza kutumiwa mwaka wa 1990. Haina tabo wala kompyuta ya kuiongoza, na ingali inaundwa kwa ajili ya masoko kadhaa, yakiwemo ya Afrika.

Ili kupima faida na hasara za mabadiliko hayo, sharti kwanza kuitazama ardhi yenyewe. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti hii. Nje ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa na ile ya kutoka Voi hadi Taveta kupitia Mwatate, sehemu kubwa ya safari hufanywa katika njia za vumbi jekundu, mchanga na mawe.

Aidha, ni kaunti ya nyanda na milima. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mlima Vuria unapita mita 2,200. Barabara ya kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi ina kona kali ambazo humpima dereva na gari lake kwa pamoja.

Hapo ndipo injini mpya inapodhihirisha ubora wake. Ile ya zamani hutoa nguvu za farasi zipatazo 130, ilhali mpya hutoa zaidi ya 200. Nguvu ya kuzungusha magurudumu nayo imepanda kutoka nyutoni-mita 285 hadi 500.

Isitoshe, injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri gari linavyopanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Tabo huisukuma hewa ndani ya injini na kulipunguza tatizo hilo. Kwa mfanyabiashara anayesafirisha mboga na ndizi kati ya Wundanyi na masoko ya tambarare, tofauti hiyo itaonekana katika muda wa safari na katika kiasi cha dizeli kinachochomwa.

Kuna pia suala la usalama. Ndovu na nyati huvuka barabara usiku katika maeneo mengi ya kaunti, na taa zenye mwanga mkali humpa dereva nafasi ya kumwona mnyama mapema. Gia zinazojibadilisha zenyewe nazo humpunguzia uchovu askari anayeshinda usukani tangu alfajiri.

Hata hivyo, sifa hizo zina gharama yake, na gharama hiyo haionekani siku gari linaponunuliwa.

Injini ya 1HZ ilijengewa heshima na mafundi wa jua kali. Fundi wa Voi aliweza kuifungua kwa spana za kawaida, kusikiliza mlio wake na kutambua ugonjwa. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa mitambo mitupu. Gari likikwama ndani ya ranchi za Kasigau, mara nyingi dereva hodari angeweza kulitengeneza kwa muda na kulirejesha nyumbani.

Injini mpya hutegemea vipima-hali, nyaya na kompyuta. Kipima-hali kimoja kikiharibika, kompyuta yaweza kupunguza nguvu za injini ili kuilinda, na gari likabaki likitambaa. Kulichunguza kunahitaji mashine maalumu na mtu aliyefunzwa kuisoma. Kwa mwenye gari wa Voi asiyepata huduma hiyo karibu, safari ni ya takriban kilomita 150 hadi Mombasa, au zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, pengine likiwa limebebwa na lori.

Suala la pili ni ubora wa dizeli. Tangu Januari 2015, mataifa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamefuata kiwango kinachotaka salfa isizidi sehemu 50 kwa kila milioni. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini tatizo la dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuvunja biashara hiyo.

Pampu ya zamani ilistahimili dizeli mbaya kwa kiasi fulani. Nozeli za injini mpya hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu madogo sana. Uchafu, maji au mafuta ya taa huweza kuziharibu haraka, na bei ya kuzibadilisha ni ya juu.

Tena, katika nchi zenye kanuni kali za moshi, gari hilo huwekewa kichujio cha masizi ndani ya bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha gari linapokwenda mwendo wa kasi kwa muda. Gari la doria linalotembea polepole mbugani mchana kutwa halipati nafasi hiyo. Mnunuzi yeyote hana budi kuuliza mapema iwapo gari analouziwa lina kichujio cha aina hiyo.

Lipo pia lililoachwa bila kurekebishwa. Magurudumu ya nyuma ya pikapu hii yamekaribiana kuliko ya mbele kwa zaidi ya sentimita tisa, kasoro iliyodumu tangu sehemu ya mbele ilipopanuliwa mwaka wa 2007. Katika mchanga, magurudumu ya nyuma hayafuati sawasawa njia iliyochimbwa na ya mbele, na gari hulazimika kutumia nguvu zaidi.

Nani basi atakayefaidika, na nani atakayeumia? Jibu limo katika ukweli kwamba pikapu nyingi za aina hii huishi maisha mawili.

Maisha ya kwanza huwa mikononi mwa taasisi: serikali, mashirika ya uhifadhi na kampuni kubwa. Hizo hununua gari likiwa jipya, zikiwa na dhamana ya muuzaji. Serikali ya kitaifa hata imekuwa ikikodisha magari ya polisi tangu 2013, utaratibu unaomwachia mwenye gari mzigo wa matengenezo. Kwa wateja wa namna hiyo, injini mpya ina faida nyingi kuliko hasara.

Maisha ya pili huanza gari linapopigwa mnada baada ya miaka kadhaa ya kazi ngumu. Hapo hununuliwa na mfugaji, mchimbaji wa vito au mchuuzi wa mboga. Huyo hana dhamana. Ana fundi wake tu. Atakayerithi 1HZ iliyochoka atarithi chuma kinachoweza kufufuliwa. Atakayerithi injini mpya iliyochoka huenda akarithi kompyuta, nyaya na nozeli ambazo bei yake inakaribia ile aliyotoa mnadani.

Hivyo basi, uamuzi unaofanywa leo na kamati za ununuzi za taasisi ndio utakaoamua hali ya gereji za Voi, Mwatate na Taveta mwongo mmoja ujao. Mabadiliko hayo hayawezi kuzuiwa milele, kwani kanuni za moshi zinazidi kukazwa duniani.

Linalowezekana ni kujiandaa. Serikali ya kaunti na taasisi nyingine zinapotangaza zabuni za magari, zinaweza kudai kwamba muuzaji alete pia mashine za uchunguzi na mafunzo kwa mafundi wa hapa. Vyuo vya kiufundi vya kaunti navyo vinapaswa kuwafunza vijana injini hizi kabla hazijafurika vijijini. Wakaguzi wa mafuta, kwa upande wao, wasingoje malalamiko ndipo wapime dizeli vituoni.

Hadi hayo yatakapotimia, mnunuzi mdogo ana sababu ya kuukumbuka ushauri wa wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Injini ya zamani ni nzito, ina kelele na hupanda Wundanyi kwa shida, lakini ikiharibika Kasigau, fundi wa kuitengeneza hayuko mbali.