Zahanati yatibu ugonjwa mmoja, kijana anao wa pili

MSICHANA wa miaka 17 anapofika zahanati akilalamikia kutokwa na uchafu sehemu za siri, aghalabu hupewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Vituo vingi vya umma havina kipimo cha klamidia, hivyo mhudumu hutibu kwa kufuata dalili.

Utaratibu huo ulibuniwa kwa nia njema, maabara zikiwa haba. Lakini wanawake wengi walio na klamidia hawaoni dalili yoyote. Asiyelalamika hatibiwi, na bakteria hao huweza kuharibu mirija ya uzazi kimyakimya hata akawa tasa.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Maradhi haya hayaingii mwilini kwa zamu. Njia iliyomletea kijana kisonono ndiyo hiyo hiyo inayopitisha virusi vya HPV, vya malengelenge ya sehemu za siri na vya Ukimwi. Maumbile nayo huchangia: kwa msichana anayebaleghe, seli laini za mlango wa kizazi bado zimejitokeza nje, na hizo ndizo klamidia hushambulia. Isitoshe, uvimbe unaoletwa na bakteria hukusanya mahali hapo seli za kinga ambazo virusi vya Ukimwi huvamia. Malengelenge pekee hukadiriwa kuongeza hatari ya kuambukizwa Ukimwi takriban mara tatu.

Vidonge basi huua bakteria, dalili zikatoweka, naye kijana akaamini amepona yote. Virusi havishtuliwi na antibiotiki.

Chanjo ya HPV, iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, ni hatua kubwa. Hata hivyo, ililenga wasichana wa miaka 10. Wavulana, ambao nao huambukiza, hawakujumuishwa. Na haizuii klamidia wala kisonono.

Kinaya ni kuwa kipimo cha haraka cha Ukimwi kimo tayari katika zahanati nyingi, na kingeweza kutolewa siku hiyo hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 humtaka mzazi aidhinishe mtoto kupimwa, lakini yawaruhusu wajawazito, walioolewa, walio wazazi na walio katika hatari kujiamulia. Msichana mwenye kisonono ni wa kundi hilo la mwisho bila shaka. Mhudumu aliyesoma nusu ya kwanza tu ya kifungu humwambia akamlete mama. Ni kijana yupi atakayerudi?