NJIA ZA MITAA YETU: NANI ALIPE?

Ndugu wachimbaji, ndugu raia wa Goma,

Mvua ikinyesha saa moja tu, mtu wa Majengo, wa Katoyi au wa Ndosho aijua taabu yake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupandishwa pikipiki juu ya mawe ya volkano, na kila jiwe lamtikisa. Nyumba ya mbao ikiwaka, gari la kuzima moto lashindwa kuingia katika avenyu, na majirani hupigana na moto kwa mabidoni ya maji. Raia wasema, "Ni kazi ya Serikali." Wakubwa wasema, "Fanyeni salongo." Na njia yabaki vilevile.

Njia kwetu si pambo la mji. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji mpaka ziwani, na njia zikazikwa chini ya mawe. Tarehe 22 Mei 2021 ulitoka tena, ukafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye watu wa mitaa 10 kati ya 18 waliamriwa kuondoka. Waliobeba watoto na magodoro kuelekea Sake wanajua: kabla ya kuifikia njia kubwa, lazima kwanza utoke katika avenyu yako. Mlima ungali pale pale.

Salongo ni jambo jema. Husafisha mifereji, huondoa taka, hukutanisha majirani. Lakini koleo halitengenezi lami. Tena tazameni ni nani huja na koleo: ni mpangaji, ni mama muuza mboga, ni mchimbaji aliyerudi likizo. Mwenye paseli sita za kupangisha, anayekaa mbali, haonekani. Lakini njia ikitengenezwa, yeye ndiye wa kwanza kupandisha bei ya nyumba.

Je, ni kweli kwamba hakuna fedha? Tusome sheria. Katiba ya mwaka 2006 yasema kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya mapato ya upangaji na kodi ya magari ni mali ya jimbo. Yasema pia 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni fungu la majimbo, neno ambalo Kinshasa haikulitimiza ipasavyo. Mwaka 2008 iliundwa FONER, mfuko wa kutunza njia unaolishwa na ushuru wa mafuta ya magari. Na sheria ya madini iliyosahihishwa mwaka 2018 yagawa mrabaha, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa Serikali, hivi: 50 kwa mia kwa taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au usultani yanapochimbwa madini, na 10 kwa vizazi vijavyo.

Hapo ndugu wachimbaji mnisikilize. Lile fungu la 15 ni la watu wa Masisi na Walikale, wanaokaa juu ya mashimo. Mji wa Goma usiliguse, maana nao hawana njia. Lakini 25 ya jimbo ni yetu sote, na sehemu yake yapaswa kuonekana mitaani.

Basi twasema hivi. Njia kubwa zilipwe na taifa na mfuko wa mafuta. Njia za mitaa zilipwe na pande mbili. Katika kila dola 100, dola 70 zitoke katika kodi ya upangaji, kodi ya nyumba na fungu la mrabaha wa jimbo. Dola 30 zitolewe na wenye paseli za avenyu ile, kwa kipimo cha mita zinazotazama njia, kwa muda wa miaka mitano. Mpangaji asitozwe, kwani amekwisha kulipa kwa kodi ya nyumba yake. Mjane mwenye kijumba kimoja asifukuzwe: deni lake liandikwe, lilipwe siku paseli itakapouzwa.

Jambo hili si ndoto. Colombia ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1921: ardhi iliyopanda thamani kwa sababu ya kazi ya umma huchangia kazi hiyo. Kigali nayo ilifanya mpango wa wakaaji kutoa 30 kwa mia na mji 70. Jambo jema halina mpaka.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa ni hesabu. Katika avenyu yetu tuliwahi kuchanga fedha za changarawe. Malori matatu yalifika, la nne hatukuliona, wala karatasi hatukuonyeshwa. Tangu siku ile, ukitaja mchango watu hufunga milango. Mwandishi wa maneno haya ni karani wa mgodi. Gunia likifika kwenye mizani, huandikwa kilo zake, siku yake na mtu aliyelileta. Likipungua kilo mbili, karani huulizwa. Ikiwa gunia la mawe lina daftari, kwa nini jasho la raia lisiwe nalo?

Watu watauliza: tumpe nani fedha? Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23, na mabenki yakafungwa. Kabla ya hapo, mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ushuru wa koltani ya Rubaya uliwapatia M23 karibu dola 800,000 kwa mwezi. Nani aliona njia moja ya mtaa iliyotengenezwa kwa fedha ile? Jibu letu ni moja kwa kila mwenye kiti, wa jana, wa leo na wa kesho: ashikaye fedha ya raia aonyeshe daftari. Orodha ibandikwe kwa nyumba kumi: fedha zilizoingia, malori yaliyofika, mita zilizokwisha. Isipobandikwa, raia wana haki ya kuuliza kabla ya kutoa.

Ndugu, kulipa bila kuuliza ni utumwa, na kuuliza bila kulipa ni uvivu. Raia huru hufanya yote mawili. Jumamosi hii, baada ya salongo, msitawanyike. Pimeni avenyu yenu, hesabuni paseli zake, andikeni. Siku ya kudai itakapofika, mdai mkiwa na daftari mkononi.