Kibali na Lugha ya Mwenye Nyumba

Juma lililopita mwalimu mmoja wa hapa Ahero alinijia na barua mkononi. Wanafunzi wake, ambao huziona ndege zikielekea Kisumu juu ya mashamba ya mpunga, walitamani kuzuru kambi ya wanahewa siku ambayo ndege maalumu ingewasili. Barua yake ya Kiswahili ilirudishwa na ofisi husika; aliagizwa aiandike upya kwa Kiingereza.

Sipingi kibali. Kambi za jeshi hulindwa kisheria, na hata ndege ya dola moja haitui katika nchi nyingine bila idhini. Ndivyo kisemavyo Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Mlango una haki ya kuwa na bawabu.

Ninalopinga ni bawabu asiyetaka kusikia lugha ya mwenye nyumba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ni rasmi kwa shughuli gani, ikiwa barua ya mwalimu haivuki meza ya mapokezi?

Neno kibali lina asili moja na kukubali. Watu hawakubaliani pasipo kusikizana.

Nimemshauri mwalimu aipeleke tena barua ile ile, akikitaja kifungu hicho. Walimu wenzangu, tufanye vivyo hivyo. Tukiwafunza vijana barua rasmi za Kiswahili kwa ajili ya mtihani tu, tumewafunza kwamba urasmi huo ni wa karatasini.