Lugha ya Mgonjwa na Elimu ya Mtabibu

Mpasuaji hutumia kisu. Mtaalamu wa saikolojia tiba hutumia maneno. Dawa yake ni mazungumzo. Kwa hiyo lugha anayosomea ni kiini cha elimu yake.

Hata hivyo, nchini Tanzania mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani hii hufundishwa kwa Kiingereza, huandika tasnifu kwa Kiingereza, kisha huingia wodini kumhoji mkulima asiyeijua lugha hiyo. Mkulima humwambia, "Nina mawazo." Kila Mswahili hutambua kwamba mtu huyo amelemewa: usingizi haumjii, chakula hakipiti, moyo ni mzito. Lakini kauli hiyo ikiandikwa jaladani kwa Kiingereza, neno kwa neno, ugonjwa wote hutoweka; kwani ni nani asiye na mawazo?

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hili ni kasumba. Neno sonona limekwisha kuzoeleka miongoni mwa wataalamu, na istilahi hukua kwa kutumiwa. Wengine wanahofu kwamba tutajitenga na elimu ya dunia. Hatusemi Kiingereza kitupwe. Lakini Wamarekani walipokutana Boulder, Colorado, mwaka 1949 kupanga mafunzo ya uzamili ya fani hii, walikuwa wakikabili mahitaji yao wenyewe, hasa ya askari waliorudi vitani na majeraha ya akili. Mbona sisi tunaona haya kuanzia kwetu?

Ndugu zetu wa Zimbabwe hawakuona haya. Tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda na wenzake mjini Harare wamewafunza akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi katika viwanja vya zahanati na kuzungumza nao kwa Kishona. Ugonjwa waliuita kwa jina ambalo wananchi walikwisha kulijua: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hatuna budi, basi, kudai kwamba mwanafunzi wa uzamili atahiniwe kwa Kiswahili pia: aeleze kwa Kiswahili ugonjwa alioukuta, na maneno ya mgonjwa yaandikwe jaladani kama yalivyotamkwa. Msomi asiyeweza kufanya hivyo bado hajahitimu, hata akivishwa joho.