Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: POSHO KWA WATAFITI CHIPUKIZI WANAOFUNGUA DATA ZAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia katika kata za Dar es Salaam ambazo mvua kubwa ikinyesha maji huingia hadi vyumbani, wakapima mifereji, vichochoro na nyumba moja moja. Wakazi wenyewe ndio waliowaonyesha maji hufika wapi. Mradi huo uliitwa Ramani Huria, na Tume unayoiongoza ilikuwa miongoni mwa wabia wake. Walichokipima kiliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako mhandisi, diwani au mwanafunzi wa Mbeya anakichukua bila kuandika barua ya maombi wala kujuana na mtu. Jiji lililopoteza watu zaidi ya 40 katika mafuriko ya Desemba 2011 lilihitaji ramani ya namna hiyo, na ilichorwa na vijana ambao wengi wao walikuwa bado darasani.

Nimeutaja mradi huo kwa sababu pale kuchora na kuweka wazi ilikuwa kazi moja, iliyopangiwa watu na fedha tangu mwanzo. Kwingineko hali ni tofauti. Mwanafunzi wa uzamili hukaa msimu mzima vijijini akijaza madodoso kuhusu malaria au kilimo cha mpunga. Tasnifu ikishapita, data inabaki kwenye flashi, na majina ya safu zake ni vifupisho ambavyo baada ya muda hata yeye hakumbuki maana yake. Mtafiti mwingine mwenye swali linalokaribiana na lake anaanza upya: anatafuta fedha, anabisha hodi kwenye nyumba zilezile, anamuuliza mama yuleyule ni watoto wangapi walilala ndani ya chandarua usiku uliopita. Hilo linaniuma kuliko fedha zinazopotea. Yule mama aliacha shughuli zake akiamini majibu yake yatafanyiwa kazi.

Kuiandaa data ili mwingine aitumie kunaweza kuchukua miezi. Lazima makosa yasafishwe, maana ya kila safu iandikwe, na kila kinachoweza kumtambulisha mhojiwa kiondolewe; tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo la mwisho si la kufanyiwa mzaha. Kazi hiyo hailipwi. Mhadhiri msaidizi anajua kwamba atapandishwa cheo kwa makala, basi anaandika makala. Simlaumu.

Ipo pia hofu kwamba ukiweka data hadharani, maabara ya Ulaya yenye watu na fedha itachapisha kabla yako. Hofu hiyo ina msingi, na wengi wanaoibeza ni wale ambao vyeo wameshavipata. Dawa yake ni kumpa mwenye data kipindi cha kuandika kwanza, na kuihesabu data iliyochapishwa kama kazi yenye jina lake anapoomba kupandishwa cheo.

Novemba 2021 nchi 193 zilipitisha Pendekezo la UNESCO kuhusu Sayansi Huria. Ni jambo jema, ila pendekezo halimlipii kijana kodi ya chumba. Taasisi ya programu huria ya Mozilla, mwaka uleule wa Ramani Huria, 2015, ilianza kuwalipa watafiti chipukizi wachache kwa miezi 10, wakiwa palepale vyuoni mwao, wafungue kazi zao na kuwafundisha wenzao. Hilo la kubaki chuoni ndilo ningependa tuige. Anayepelekwa ng'ambo hurudi na cheti. Anayebaki idarani huombwa msaada na wenzake kila siku, na ndivyo desturi ya mahali inavyobadilika.

Ombi langu ni kwamba, kupitia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, mtenge posho ya mwaka mzima kwa watafiti chipukizi, isiyo ya kukusanya data mpya. Ilipie kazi ya kuandaa na kufungua data ambayo idara zao tayari zinayo. Iwe ya kutosha kuishi, kijana asilazimike kuhangaika na kazi za mkataba za mashirika. Na kabla hamjatoa hata shilingi, mtake saini ya msimamizi kwamba ameridhia, kwa kuwa data nyingi zinashikiliwa na sisi wakubwa, na bila saini hiyo kijana atakwama mlangoni kwa bosi wake.

Anzeni na vijana 10. Idara za afya, kilimo na mazingira zina data ya kuwatosha, na baadhi yetu wasimamizi tuko tayari kusaini hata kesho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri na msimamizi wa wanafunzi wa uzamili,
Dar es Salaam