Mzazi na Simu ya Mtoto

Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi. Hata mzazi, mwanawe akisha kuwa mkubwa na kulala chumba chake peke yake, husimama mlangoni akaita kwanza, wala hakuna asemaye kwamba kwa kuita hivyo mzazi amekoma kuwa mwenye nyumba. Siku hizi watoto wengi wana chumba kingine, nacho ni simu. Wazazi wengi huuliza: je, huko nako yapasa hodi, au mzazi aingie tu?

Nitawaeleza kosa langu, ingawa si desturi ya walimu kufanya hivyo mbele ya wanafunzi. Mwaka 2023 alikaa kwangu binti wa kaka yangu mkubwa, umri wake miaka 14, naye alikuwa na simu ndogo aliyopewa na baba yake. Usiku mmoja, alipokuwa amelala, niliichukua. Neno lake la siri nilikwisha kulijua, maana nilimwona akiliandika. Nikasoma kila kitu. Nilitafuta ubaya, nikakuta masihara ya wasichana, hesabu walizoulizana, na mahali pamoja alipowasimulia wenziwe jinsi ninavyokohoa kabla ya kuanza kusema. Asubuhi nikajisahau, nikamtania kwa jambo ambalo sikupaswa kulijua. Alinitazama, asiseme kitu. Tangu siku ile alibadili neno la siri, na simu haikuonekana tena mezani.

Baada ya miezi michache mtu asiyemjua alimwandikia, akijidai kuwa msichana wa rika lake akaaye mji mwingine. Alimsifu, akamwita rafiki, akamwomba picha, naye akampa picha ya kawaida tu. Kisha yule mtu akaomba picha ya kumvunjia heshima. Alipokataa, aliambiwa kwamba ile ya kwanza itageuzwa iwe ya aibu, maana programu ziwezazo kufanya hivyo zipo, nayo itatumwa kwa wenziwe wote asipopeleka fedha. Binti alikaa na hofu ile siku tisa. Hakuniambia mimi, bali shangazi yake, naye ndiye aliyenijia. Nilipomwuliza sababu alijibu, “Baba mdogo, nilijua utaninyang’anya simu, na utasoma yote tena.” Neno lile “tena” nimelikumbuka mara nyingi.

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto hana siri mbele ya aliyemzaa. Wako na wengine wasemao kwamba dunia ya leo ni ya vijana, nao waachwe. Mimi sikubaliani na hao wala hao. Nchi za Afrika zilipoandika Mkataba wa Haki na Ustawi wa Mtoto, mwaka 1990, zilisema katika ibara ya 10 kwamba mambo ya faragha ya mtoto na barua zake zisiingiliwe ovyo. Na papo hapo zikasema kwamba wazazi wana haki ya kumwangalia mtoto kwa kadiri ifaayo. Maneno hayo mawili yamekaa pamoja katika ibara moja, nami naona ni sawa.

Basi kadiri ifaayo ni ipi? Mtoto wa miaka 10 atumiaye simu ya mama yake na aitumie mama akiwa karibu. Hata wenye Facebook wenyewe hawaruhusu mtu aliye chini ya miaka 13. Lakini kijana wa miaka 15 ni mwingine. Huyo na aambiwe sheria za nyumba mapema: simu hulala sebuleni usiku, mtu asiyejulikana hajibiwi, na mzazi akiingiwa na shaka atasema waziwazi, “Leo nataka tuifungue simu yako pamoja, na sababu yangu ni hii.” Hiyo ndiyo hodi. Uhai wa mtoto ukiwa hatarini, mzazi asingoje, kwa maana nyumba ikiwaka moto hakuna apigaye hodi.

Tena mzazi na aahidi jambo moja, kisha alishike: mtoto akileta habari mbaya mwenyewe, hatapigwa wala kunyang’anywa simu kwa sababu ya kuileta. Najua ahadi hii ni nzito kwa wazazi wengi. Kwangu mimi ilikuwa nzito.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nimewapa ruhusa ya kuficha lolote. Mazungumzo yenu na rafiki mnaowajua ni yenu. Lakini mtu mgeni akuambiaye, “Usimwambie mama,” huyo hakutunzii siri yako, anatunza yake. Akitisha, usimpelekee fedha, wala usimpelekee picha nyingine ukidhani atatosheka. Mzuie asikuandikie tena, ila usifute aliyokwisha kuandika, kwa kuwa polisi watayahitaji. Sisi tulipokwenda kituoni, binti alikuwa ameyahifadhi yote. Mwambie mzazi. Ukimwogopa mzazi, mwambie shangazi, au mwalimu. Na kama hao wote hawapo, Tanzania na Kenya iko namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, nayo haitozwi fedha.