MASHINE IMFUATE FUNDI

Ndugu wanachama wa Nakuru, Gilgil na Naivasha,

Tajiri wa studio au redio akinunua mashine ya kuchanganya sauti, huuliza bei tu. Kisha fundi huinama zamu nzima, akipapasa vifundo vidogo vilivyosongamana. Mgongo ukimwuma, huitwa mvivu!

Kwa vishikio vya kusukuma, vidole vinne huongoza sauti nne kwa pamoja, na jicho huona kiwango. Kifundo cha kuzungusha hutaka mkono mzima. Hiyo si anasa, ni kazi kufanyika sawasawa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 76, yamtaka mwajiri alinganishe vyombo na mtu. Basi tudai: kabla ya kununua, fundi aulizwe!

Umoja ni nguvu.